Kabla ya kuwapeleka vijana Isanga: jibu kwa mwenyekiti wa mtaa

Swali: Mwenyekiti wa mtaa mmoja wa pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Morogoro, ameniandikia hivi: "Tangu mwaka jana simu zinaporwa, wanafunzi wa vyuo wanavamiwa wakirudi kwenye vyumba walivyopanga, na mwezi uliopita kijana alichomwa kisu katika ugomvi wa kijiweni, akapona kwa bahati. Mkutano wa mtaa umechanga shilingi 1,800,000. Wapo wanaotaka doria ya usiku, wapo wanaotaka ligi ya mpira, na wazee wanataka vijana wa vijiweni wapelekwe gereza la Isanga wakajionee wenyewe. Fedha hazitoshi kwa yote matatu. Tuanze na lipi?"

Jibu:

Ndugu Mwenyekiti, nianze na pendekezo la wazee, kwa kuwa ndilo ambalo utafiti umelitolea jibu lililo wazi kuliko yote. Msiwapeleke vijana Isanga. Ninajua kwamba wazee wana nia njema, na hoja yao inaingia akilini mara moja: kijana akiona ukuta, akisikia mlango wa chuma ukifungwa na kuona chakula cha mahabusu, ataogopa na kuacha. Mpango wa aina hiyo ulianzishwa katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Wafungwa wa vifungo virefu waliwafokea vijana waliokwisha kuanza uhalifu, wakawasimulia mabaya ya gerezani, na baadhi ya vijana walitoka wakilia. Kila aliyeshuhudia aliamini kwamba dawa imepatikana, na mpango ukaenea majimbo mengine. Baadaye watafiti walikusanya majaribio tisa ambamo vijana waligawanywa kwa kura, baadhi wakapelekwa gerezani na wengine wakaachwa bila kufanyiwa lolote, kisha wote wakafuatiliwa. Waliopelekwa ndio waliorudia makosa zaidi.

Maelezo yangu ya jambo hilo, ambayo nimeyapata zaidi kwa kukaa na vijana kuliko kwa kusoma, ni kwamba hofu ya kijana wa miaka kumi na sita haidumu hadi Jumatatu, lakini sifa ya kuwa "nimeshaingia ndani na sikutetemeka" hudumu kijiweni miezi mingi. Isitoshe, mtakuwa mmewapanga mstari mmoja, mbele ya mtaa mzima, vijana kumi na tano ambao pengine watatu tu ndio waliowahi kupora, na kuanzia siku hiyo wote kumi na tano wataitwa vibaka. Kijana akishapewa jina hilo na mama wa nyumba ya jirani, hana tena heshima ya kupoteza.

Baada ya hapo, jibu langu kwa swali lenyewe huenda likakukera kidogo: msianze na lolote kati ya hayo matatu. Anzeni kwa kuhesabu. Ninasema hivyo kwa sababu barua yako inasema "vijana wa vijiweni," na hapo ndipo mitaa mingi niliyowahi kufanya nayo kazi ilipopotea njia. Vijana wa vijiweni katika mtaa kama wenu wanaweza kufika mia moja au zaidi, wakiwamo bodaboda wanaosubiri abiria, mafundi waliokosa kazi siku hiyo, wabeba mizigo waliokuja kutoka Bahi na Chamwino baada ya mavuno, na wanafunzi waliomaliza kidato cha nne wakisubiri matokeo. Wanaofanya uhalifu wa nguvu ni sehemu ndogo sana ya hao. Mji wa Boston ulipokabiliwa na mauaji ya vijana katika miaka ya 1990, watafiti walibaini kwamba wanachama wa magenge wapatao 1,300, ambao hawakufika hata asilimia moja ya vijana wote wa mji ule, walihusika katika angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Dodoma si Boston, wala hatuna bunduki mitaani kama wao, lakini sura hiyo ya wachache kubeba sehemu kubwa ya madhara imejirudia karibu kila mahali ilipopimwa. Mtaa usiowajua wachache wake hutumia mchango wote kwa wale ambao hawakuwa na nia ya kumpora mtu.

Namna ya kuhesabu ni rahisi na gharama yake ni daftari moja. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya katika mji wa Cardiff, Wales, aitwaye Jonathan Shepherd, aligundua kwamba majeruhi wengi wa ugomvi aliokuwa akiwashona hawakuwamo kabisa katika kumbukumbu za polisi. Akapanga kwamba wahudumu wa mapokezi hospitalini waulize mambo machache: ulipigwa wapi, saa ngapi, na kwa kitu gani. Majibu hayo, bila majina, yakapelekwa kwa polisi na kwa halmashauri ya mji kila mwezi, nao wakabadili doria na kurekebisha maeneo yaliyojitokeza mara kwa mara. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilionesha kwamba waliolazwa kwa majeraha ya ugomvi walipungua kwa asilimia 42 wakilinganishwa na miji inayofanana na Cardiff ambayo haikufanya hivyo.

Ninyi mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiwango cha mtaa. Mchague mtu mmoja anayeaminika na ambaye watu hawaogopi kumwendea. Kwa uzoefu wangu mwuguzi wa zahanati au mwenye duka la dawa hufaa kuliko mjumbe wa serikali ya mtaa, kwa kuwa aliyeumizwa huenda kwake kwanza. Daftari liwe na safu nne tu: siku, saa, mahali, na namna tukio lilivyotokea. Kwa wiki nane aandike kila tukio analolisikia, hata lile ambalo mhusika hataki kulipeleka kituoni. Majina ya watuhumiwa yasiandikwe humo hata kidogo. Nimewahi kuona orodha ya majina iliyoandikwa kwa nia njema katika kata moja ikitoka mkononi mwa kamati, ikapigwa picha, ikasambazwa kwenye makundi ya simu, na kijana mmoja ambaye jina lake lilifanana na la mwingine akakimbia mji. Orodha ya majina ni silaha, na mtaa hauna kabati la kuifungia.

Wiki nane zikiisha, lieneze daftari mezani, usome. Ninakisia utaona mambo ya aina mbili. La kwanza ni kwamba matukio mengi yamekaa katika sehemu mbili au tatu na katika saa chache, labda kati ya saa 1 na saa 4 usiku, siku za mwisho wa wiki na siku za mwisho wa mwezi. La pili, ambalo hushangaza kamati nyingi, ni kwamba uporaji wa simu na ugomvi wa visu mara nyingi si kazi ya watu wale wale. Simu nyingi huchukuliwa na wanaopita kwa pikipiki, wale mnaowaita vishandu, ambao wanaweza kuwa wanatoka upande mwingine kabisa wa jiji. Kijiwe chenu kinaweza kuwa hakina hatia yoyote katika uporaji huo na wakati huo huo kikawa ndicho chanzo cha ugomvi. Dawa ya tatizo la kwanza ni barabara, taa na polisi. Dawa ya la pili ni watu wazima. Mkiyachanganya mtatibu homa kwa dawa ya kidonda.

Sehemu zikishajulikana, wekeni fedha za kwanza hapo. Dodoma imekua kwa kasi ambayo mitaa haikujiandaa nayo: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Viwanja vimepimwa kuliko vinavyojengwa, nyumba zimesimamishwa zikaachwa kwenye renta, na wenye nyumba hizo wengi wako Dar es Salaam au wanasubiri mkopo. Mapagale hayo, pamoja na makorongo yanayokauka miezi minane ya mwaka, ndiyo maficho ya mvamizi anayemsubiri mwanafunzi. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja vitupu 541 wakavigawa kwa kura, baadhi vikafyekwa, vikaondolewa taka, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa ua mfupi wa mbao. Katika vitongoji vya watu maskini zaidi, matukio ya kupigana risasi karibu na viwanja vilivyosafishwa yalipungua kwa asilimia 29. Mjini New York taa za muda ziliwekwa kwa kura katika maeneo ya nyumba za umma mwaka 2016, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban asilimia 36. Hakuna kijana aliyehubiriwa katika majaribio hayo mawili.

Kwa hiyo mtendaji wa mtaa awaandikie barua wenye mapagale yaliyo kwenye njia za wanafunzi, awatake wazibe milango na madirisha kwa matofali au mabanzi. Wengi hawajui kinachoendelea humo, na wakiambiwa hutuma fedha ya fundi siku hiyo hiyo, kwa maana wanahofia kuibiwa nondo. Njia mbili zenye matukio mengi ziwekewe taa za sola, na kaya zilizo kandokando ya njia hizo ziombwe kuwasha taa ya nje hadi saa 5 usiku. Kuhusu makorongo, tumieni siku ya usafi wa mwisho wa mwezi kufyeka vichaka kwenye vivuko. Hayo ni mambo madogo, na ninakiri kwamba hayana mvuto jukwaani, lakini yanaanza kufanya kazi usiku ule ule yanapokamilika.

Sasa mpira. Mimi ni mpenzi wa mpira na sitaki nieleweke vibaya: bonanza huleta furaha, na mtaa wenye furaha una afya. Hata hivyo, ligi ya mtaa haizuii uhalifu kwa sababu tu imechezwa. Kwanza, inachezwa saa 10 hadi saa 12 jioni, ilhali matukio yenu yanatokea baada ya giza. Pili, wanaojiandikisha mapema ni vijana wenye nidhamu na viatu, na wale wachache mnaowahangaikia husimama pembeni. Tatu, na hili ndilo linaloniogopesha, kuwakusanya vijana wenye mwelekeo mbaya mahali pamoja bila mtu mzima anayeongoza kunaweza kuwafanya wafundishane. Kati ya mwaka 1939 na 1945 katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, wavulana 506 waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likapewa washauri, masomo ya ziada na kambi za likizo. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka thelathini, akakuta waliosaidiwa wana hali mbaya zaidi ya wenzao, na uchambuzi wa baadaye ukaonesha kwamba walioharibikiwa hasa ni wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Kama mtacheza, basi changanyeni vijana wa vijiwe tofauti katika timu moja, kila timu iwe na mtu mzima anayekaa nayo kabla na baada ya mechi, na msianzishe ligi ya "kijiwe hiki dhidi ya kijiwe kile," kwa kuwa hapo mtakuwa mmeupa ugomvi jezi.

Tufike sasa kwa wale wachache wenyewe, ambao ndio kiini cha barua yako hata kama hukuwataja hivyo. Utafiti ninaouthamini zaidi kuhusu vijana wa namna hii haukufanyika Ulaya wala Marekani, ulifanyika Monrovia, Liberia, katika nchi iliyotoka vitani. Wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, uuzaji wa dawa za kulevya na ugomvi waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa wiki nane za mazungumzo ya makundi madogo yaliyoongozwa na watu waliowahi kuishi maisha hayo na kuyaacha: jinsi ya kutulia hasira inapopanda, jinsi ya kupanga matumizi ya wiki, jinsi ya kuvaa na kuongea ili upokelewe dukani. Baadhi walipewa dola 200 pekee, baadhi walipewa vyote viwili, na wengine hawakupewa kitu. Fedha peke yake haikuacha alama ya kudumu. Mazungumzo peke yake yalisaidia, kisha yakapoa mwaka ulivyosonga. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika, na walipofuatiliwa miaka kumi baadaye, vitendo vyao vya uhalifu na ukatili vilikuwa takriban nusu ya vile vya wenzao wasiopewa chochote.

Utaniuliza kama hilo halipingani na nililosema kuhusu kuwakusanya vijana pamoja. Halipingani, kwa kuwa kilichokuwa kibaya kule Massachusetts ni kukusanyika bila shughuli inayoongozwa. Kundi la Monrovia lilikuwa na mtu anayeliongoza kila dakika, lilikuwa na zoezi la nyumbani, na kiongozi wake alimtembelea kijana alikoishi.

Ninyi hamna wataalamu wa tiba ya namna hiyo, na shilingi milioni moja na laki nane hazitawaleta. Mnacho, hata hivyo, kitu ambacho wenzetu hulazimika kukinunua. Katika kila mtaa wa Dodoma kuna fundi wa kuchomelea vyuma, fundi magari, mama mwenye genge, au dereva wa zamani wa bodaboda ambaye ujana wake haukuwa wa kusimuliwa mbele ya mchungaji au shehe, na sasa ana familia na karakana. Tafuteni wawili wa aina hiyo. Kila mmoja apewe vijana watatu, si zaidi, wale ambao masikio ya mtaa yanaonesha kwamba wamo karibu na kila ugomvi ulioandikwa daftarini. Waitwe kwa faragha na mtu wanayemheshimu. Kazi ya mlezi ni kuwaona kila wiki kwa muda wa miezi tisa, kujua wanalala wapi, kuwapeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa kata penye tatizo la nyumbani, na kuwa mtu anayepigiwa simu saa 3 usiku kabla ugomvi haujafika kwenye kisu. Huyo mlezi alipwe nauli na muda wa maongezi, kwa kuwa kujitolea bila hata nauli hufa mwezi wa pili.

Suala la kipato lije baadaye kidogo, na lije kwa kijana mmoja mmoja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na viongozi wengi wa mitaa hukimbilia hapo mara moja: "andikeni kikundi, mkope, muache ujambazi." Nimeona vikundi vya namna hiyo vikigawana fedha ndani ya wiki moja na kisha kugombana kuhusu marejesho, hivyo mtaa ukapata ugomvi mpya wenye nyaraka. Mkopo wa kikundi unafaa kwa vijana walioshikamana kwenye kazi kabla ya mkopo. Kwa kijana anayejifunza karakanani, njia bora zaidi ni ile ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ya kumtambua mtu aliyepata ujuzi kazini, ambako anapimwa, anajaziwa mapengo na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Na kwa aliyeacha shule akiwa bado na umri wa kusoma, ulizeni kuhusu kurudi kwake: waraka wa Wizara ya Elimu wa Novemba 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea.

Doria nimeiacha hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoweza kuwasaidia haraka na ndiyo inayoweza kuwafikisha mahakamani haraka vilevile. Historia yetu ina pande zote mbili. Sungusungu walipoibuka Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipunguza wizi wa ng'ombe kwa kiasi ambacho polisi hawakuwa wamekifikia, na baadhi yao pia waliua watu kwa tuhuma tupu. Ulinzi shirikishi wa leo ulijengwa juu ya kumbukumbu hizo zote mbili. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumchapa, kumfunga kamba usiku kucha ofisini kwa mtendaji, kumpiga faini, wala kumnyoa nywele. Kwa hiyo kabla ya usiku wa kwanza wa doria, mkaguzi wa polisi wa kata awepo kikaoni, majina ya walinzi yapokelewe kituoni, na namba ya simu ya zamu ijulikane na kila mlinzi. Walinzi wawe na filimbi, tochi na makoti yenye kuakisi mwanga. Sime na marungu vibaki nyumbani. Watembee zaidi katika saa na njia ambazo daftari limezionesha, kuliko kuzunguka mtaa mzima hadi alfajiri na kulala mchana.

Magazeti yetu yana msemo wa "wananchi wenye hasira kali," na nimeuchukia kwa miaka mingi, kwa kuwa unayafanya mauaji yaonekane kama hali ya hewa. Mtuhumiwa akiuawa na kundi katika mtaa wako, hayo ni mauaji kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, na vijana mtakaokuwa mmewafundisha kwamba ukatili ni njia ya kumaliza jambo ni hao hao mnaotaka kuwazuia. Mlinzi wa doria atakayempiga mtu mara ya kwanza aondolewe siku hiyo hiyo, hadharani.

Kuna jambo la umri pia. Vijana wengi wa kijiweni ni watoto kisheria, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai, na kwa aliye chini ya miaka 12 lazima ithibitishwe kwamba alielewa alichokuwa akikifanya. Mtoto hahukumiwi kifungo cha gereza, na kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto. Mahakama ikiona hana budi kutengwa na jamii, anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, ambayo kwa Tanzania Bara ni Irambo, Mbeya. Usafiri wa kutoka Dodoma hadi huko peke yake unatosha kukuonesha kwa nini ni bora mtoto huyo ashughulikiwe mtaani, karibu na mama yake. Temeke na Mbeya zimewahi kuwa na mpango wa kuwarekebisha watoto wa aina hiyo ndani ya jamii badala ya mahabusu, kwa kuwapa mlezi, mpango wa mtu mmoja mmoja, na njia ya kurudi shule au kazini. Nilichokueleza kuhusu walezi wawili ni mfano mdogo wa jambo hilo hilo.

Nisingependa kuacha suala la nyumbani, ingawa nitalipita kwa haraka. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulikuta kwamba takriban robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi, au kutishiwa kwa silaha, kabla ya kufikia miaka 18, na wengi walifanyiwa hivyo na ndugu au walimu. Kijana anayechomoa kisu kijiweni kwa kawaida hakujifunzia hapo. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, ile ya MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kama kwenu ipo kwenye karatasi tu, iiteni ikae na walezi hao wawili mara moja kwa mwezi. Simu namba 116 ya huduma kwa mtoto iandikwe ukutani mwa zahanati na shule.

Kuna tahadhari moja ya kisiasa ambayo ni afadhali niiseme wazi. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi uliasisiwa na TANU katika miaka ya 1960, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 mabalozi wamebaki kuwa viongozi wa chama kimoja. Wengi wao wanazijua kaya zao kuliko mtu yeyote na mtawahitaji. Lakini wakiwa wao pekee ndio kamati, nusu ya wapangaji na wanafunzi hawatawaambia kitu. Wakaribisheni katika kamati mwenye nyumba anayepangisha wanafunzi, kiongozi wa bodaboda wa kituo kilicho karibu, imamu na mchungaji, na angalau vijana wawili wa kijiweni wenyewe. Utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 1997, uliowahoji wakazi 8,782 katika vitongoji 343, uliona kwamba vitongoji ambako majirani walikuwa tayari kumkemea mtoto wa mwingine anayetoroka shule vilikuwa na ukatili mdogo, hata umaskini ulipozingatiwa. Zamani kwa Wagogo hilo halikuhitaji utafiti, kwa maana kila mzee alikuwa na fimbo na haki ya kuuliza "wewe ni wa nani?" Katika mtaa ambao nusu ya watu wamehamia baada ya serikali kuanza kuja Dodoma mwaka 2016, haki hiyo ya kuuliza lazima ikubaliwe upya mkutanoni, safari hii bila fimbo.

Kwa fedha mlizo nazo, mimi ningetenga shilingi 50,000 kwa daftari na vikao, 600,000 kwa taa na kuziba mapagale ambayo wenyewe hawapatikani, 250,000 kwa vifaa vya doria, na 900,000 zilizobaki ziwe nauli na muda wa maongezi wa walezi wawili, shilingi 50,000 kwa kila mmoja kila mwezi kwa miezi tisa. Wapo watakaolalamika kwamba nusu ya mchango imewaendea watu sita wasiostahili. Waoneshe daftari.

Mwandishi wa daftari asiache kuandika wiki ya nane inapokwisha. Mwezi wa tisa ukifika, chukua wiki nane za mwisho uziweke kando ya zile nane za mwanzo, njia kwa njia na saa kwa saa. Kama matukio yamehama kutoka njia yenye taa kwenda ya pili, hamisha doria na utafute taa nyingine. Kama ugomvi wa kijiweni haujapungua, kaa na walezi muulizane ni kijana gani kati ya wale sita hawajamwona kwa wiki tatu, kisha mmoja wenu aende kumtafuta.